Kaida za Utanzu katika Video za Roki ya Indie

Mtu anaweza kuzima sauti, akatazama video ya wimbo kwa sekunde ishirini tu, na bado akatambua kwamba ni ya bendi ya roki ya indie. Hakuna aliyemwambia. Ameona picha yenye chengachenga, vijana wanne waliovaa nguo walizoamka nazo, mwimbaji anayetazama sakafu badala ya kamera, na chumba ambacho hakikupangwa kwa ajili ya wageni. Mambo ya namna hiyo, yanapojirudia kutoka video moja hadi nyingine mpaka watengenezaji na watazamaji wakayazoea bila kuyaandika popote, ndiyo yanayoitwa kaida za utanzu. Kaida si sheria, kwa maana hakuna anayeadhibiwa kwa kuivunja. Ni matarajio, na kila video mpya huamua kuyatimiza, kuyapindua au kuyachezea.

Ili kuzielewa kaida hizi, inafaa kuanzia kwenye neno lenyewe. "Indie" ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, na mwanzoni halikutaja mlio wa gitaa wala mtindo wa mavazi, bali lilitaja mkataba: nani amegharimia rekodi na nani ameisambaza. Lebo, yaani kampuni za kurekodi na kutoa muziki, kama Rough Trade ya London na Factory ya Manchester, ambazo zote mbili zilianza mwaka 1978, zilifanya kazi nje ya kampuni kubwa za muziki na kwa fedha kidogo. Kisha tarehe 1 Agosti 1981 kituo cha televisheni ya muziki cha MTV kikaanza kurusha matangazo nchini Marekani, na video ikawa mlango ambao bendi ililazimika kuupitia ili ijulikane. Kampuni kubwa zikamwaga fedha kwenye majukwaa, mavazi na taa. Lebo ndogo hazikuwa na fedha hizo, na tena wanamuziki wao wengi waliiona video kuwa tangazo la biashara lililovishwa joho la sanaa. Kwa hiyo kaida za video za indie zina wazazi wawili, uhaba na shaka, na kwa maoni yangu hazieleweki vizuri mzazi mmoja akiachwa nje.

Shaka hiyo inaonekana waziwazi katika video ya wimbo "Bastards of Young" wa bendi ya The Replacements ya Minneapolis, iliyotoka katikati ya miaka ya 1980. Inaanza na picha ya karibu, nyeusi na nyeupe, ya spika inayotetemeka kwa muziki. Kamera inarudi nyuma polepole, na tunamwona mtu ameketi kwenye kochi akivuta sigara na kusikiliza. Hatuonyeshwi bendi ikipiga, hatuonyeshwi jukwaa, hatusimuliwi kisa chochote. Wimbo unapofikia mwisho mtu huyo anaipiga spika teke na kwenda zake. Wakati huo bendi ilikuwa imekwisha kuhamia Sire, lebo iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya Warner, kwa hiyo ukata peke yake hauwezi kuieleza video hii. Ni bendi iliyotakiwa ijiuze kwenye televisheni, nayo ikaipa televisheni spika. Kukataa huko, yaani kumnyima mtazamaji kile anachodhani ameahidiwa, kukawa kaida yenyewe, na bado kunatumika hadi leo.

Uhaba nao ulifanya kazi yake kwa njia ambayo wengi hawaioni, kupitia vifaa. Chengachenga tunazozihusisha na utanzu huu zimetokana kwa sehemu kubwa na filamu ya Super 8, ambayo Kodak iliitoa mwaka 1965 kwa ajili ya familia zilizotaka kujipigia filamu nyumbani. Kaseti moja ya Super 8 ina futi 50 za mkanda, na kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde huisha baada ya dakika mbili na nusu hivi, muda ambao hautoshi hata kwa wimbo wa dakika tatu. Isitoshe, kamera nyingi za aina hiyo hazikurekodi sauti, na kasi ya mota zake haikuwa thabiti, hivyo mwimbaji akijaribu kufuatisha midomo yake na rekodi, baada ya muda mfupi midomo na sauti huachana. Basi waongozaji walifanya nini? Walipiga picha za vitu visivyohitaji midomo: miguu inayotembea, mkono uliotolewa nje ya dirisha la gari, shingo ya rafiki aliyelala, nyaya za umeme dhidi ya anga. Vipande hivyo vifupi, vikiunganishwa, vilifanana na kumbukumbu ya mtu, na kwa kuwa nyimbo nyingi za utanzu huu huzungumzia mambo yaliyopita, umbo la picha na maudhui ya wimbo vikakutana kana kwamba vilipangiwa miadi. Naona hapa ndipo utanzu huu ulipopata uzuri wake halisi, kwa sababu kasoro ya kifaa iligeuzwa kuwa lugha.

Kaida nyingine inahusu namna wanamuziki wanavyojionyesha. Katika video za pop au za roki ya viwanja vikubwa, mwimbaji humtazama mtazamaji machoni na kumtaka amtamani. Katika indie, mtu anayepiga gitaa anaonekana kana kwamba amekutwa kazini. Mwaka 1985 mwongozaji wa filamu Jonathan Demme aliipiga filamu New Order, bendi ya lebo ya Factory, ikiupiga wimbo "The Perfect Kiss" katika chumba chake cha mazoezi. Kwa takriban dakika kumi tunatazama nyuso na vidole kwa karibu sana. Bendi inapiga kweli, haiigizi juu ya rekodi, na ndiyo maana tunaona macho yanayosubiri zamu na kidole kinachosita kidogo kabla ya kubonyeza kitufe. Mavazi ya kawaida, sebule, gereji na chumba cha mazoezi yote yanabeba ujumbe mmoja, kwamba kati ya msikilizaji na mwanamuziki hakuna ngazi ya kupanda.

Wapo waliokwenda upande mwingine, wakaufanya ubunifu wa mikono uzibe pengo la fedha. Kaida hapa ni wazo moja linaloshikiliwa mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2002 mwongozaji Michel Gondry aliwajenga wanabendi wa The White Stripes kwa matofali ya kuchezea ya Lego, akiyapanga upya picha baada ya picha ili yaonekane yanatembea na kupiga ngoma. Mwaka 2006 bendi ya OK Go walicheza juu ya mashine nane za kukimbilia mbele ya kamera moja isiyohama, bila kukata hata mara moja, wakiongozwa na Trish Sie, dada wa mwimbaji wao. Video hiyo ilienea kupitia YouTube, iliyokuwa na umri wa takriban mwaka mmoja tu, na mwaka 2007 ikapata tuzo ya Grammy. Picha isiyokatwa hutumika kama ushahidi: mtazamaji anajua kwamba mguu ungeteleza mara moja tu, kazi yote ingeanza upya.

Kufikia mwaka 1997 kaida hizi zilikuwa zimejulikana kiasi cha kuweza kutaniwa. Katika video ya wimbo "Sugarcube", iliyoongozwa na Phil Morrison, bendi ya Yo La Tengo wanaambiwa kwamba video waliyoleta haifai, kisha wanapelekwa shuleni kufundishwa kuwa wanaroki. Kichekesho hicho hakimfikii mtazamaji asiyejua tayari jinsi bendi ya indie inavyotarajiwa kuwa.

Hata hivyo, kaida inayojulikana hivyo inaweza pia kununuliwa. OK Go walipocheza juu ya zile mashine walikuwa chini ya Capitol, lebo ya EMI, ambayo wakati huo ilikuwa kampuni kubwa kwa kipimo chochote. Neno "indie" lilikuwa limekwisha kuhama kutoka kwenye mkataba na kuingia kwenye mtindo, na leo programu ya kuhariri video inaweza kuipaka picha safi ya simu chengachenga, mikwaruzo na rangi zilizofifia kwa kubofya mara moja. Sisemi kwamba kila anayefanya hivyo ni mwongo. Lakini tofauti ipo, na jicho lililozoea huiona. Katika filamu halisi, miale ya rangi ya machungwa inayounguza picha hutokea mahali ambapo mwanga umepenya, mara nyingi mwanzoni au mwishoni mwa mkanda, na haijali wimbo umefika wapi. Katika ile iliyoigwa kwa programu, miale hiyo huingia sawasawa na pigo la ngoma.