Kwa Nini Upasuaji wa Moyo wa Mtoto Mmoja Husubiri na wa Mwingine Hausubiri

Wazazi huniuliza mara chache namna tutakavyoutengeneza moyo wa mtoto. Wanachotaka kujua ni lini. Mmoja huambiwa arudi baada ya miezi miwili, mwenzake wa kitanda cha pili huambiwa upasuaji ni wiki hii, na yule wa kwanza hudhani amepuuzwa. Jibu, kwa sehemu kubwa, limo mapafuni.

Mtoto anapozaliwa, msukumo wa damu katika mishipa ya mapafu bado ni mkubwa, kisha hushuka polepole kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mwenye tundu kubwa baina ya vyumba vya chini vya moyo huweza kuonekana mzima siku za mwanzo. Msukumo ukishashuka, damu humiminika mapafuni kupitia tundu hilo, naye huanza kuhema, kutokwa jasho anaponyonya na kutoongezeka uzito. Tundu dogo huweza kujiziba lenyewe. Kubwa tunaliziba kwa kiraka, mara nyingi kati ya miezi 3 na 6, kwani likiachwa kwa miaka mishipa ya mapafu hukakamaa, na hapo kuliziba huwa hatari kuliko kuliacha.

Mambo ni kinyume pale aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, na ateri ya mapafu, mshipa unaoipeleka mapafuni, zinapokuwa zimebadilishana mahali. Damu yenye oksijeni hurudi mapafuni, isiyo nayo hurudi mwilini, na mtoto huishi kwa njia zilizosalia tangu tumboni: mfereji unaoiunganisha mishipa hiyo miwili, tunaouzuia usifunge kwa dawa ya prostaglandini, na tundu la vyumba vya juu, ambalo tangu 1966 huweza kupanuliwa kwa puto. Upasuaji wa kuzirudisha ateri hizo mahali pake, aliofanikiwa kuufanya Adib Jatene nchini Brazili mwaka 1975, kwa kawaida hufanywa ndani ya wiki chache za kwanza, kwa sababu chumba cha chini cha kushoto, kikiwa kinasukumia mapafu tu, hupoteza misuli siku hadi siku, ilhali baada ya upasuaji kitatakiwa kuuhudumia mwili mzima. Kuikata aota si kazi inayonikosesha usingizi. Ugumu uko katika kuzihamisha ateri zinazoulisha moyo wenyewe, nyembamba mno, ambazo zikijipinda kidogo tu msuli hukosa damu.

Mzazi aliyeambiwa asubiri namwomba aangalie unyonyaji kuliko kalenda: mtoto akihema kwa kasi, au akichoka kabla ya kushiba, tarehe niliyoiandika haina kazi tena, aletwe siku hiyohiyo.