Si kila Subaru ni fowili

Kijiweni Shangani, hapa Mtwara, ubishi wa Subaru BRZ huishia palepale: "Hiyo Subaru bwana, tairi zote zinavuta." Hapana. Tangu ile ya kwanza ya 2012, iliyoundwa kwa ushirikiano na Toyota, BRZ inasukumwa na tairi za nyuma tu. Ya 2021 ilibadilishwa sura na injini ikapanda kutoka lita 2.0 hadi 2.4. Gia unachagua manyuali au otomatiki, zote za gia sita. Fowili, yaani tairi zote nne kuvuta, haipo hata uongeze hela. Wapenzi wake hawalalamiki: gari ni jepesi, na mkia unacheza kwenye kona. (Kwenye mchanga wetu wa pwani, hiyo ni habari nyingine.)

Dhana hiyo inawaponza zaidi wanunuzi wa Subaru Impreza. Zile za lita 1.5 zilizoanza kuuzwa Japani 2007 zilitoka za aina mbili, na baadhi zinavuta mbele peke yake. Kwa hiyo nembo isikutoshe. Lala chini na tochi, chungulia nyuma: ukikuta difu (lile dude la chuma linalogawa nguvu kwa tairi) katikati ya tairi, na propela, ule mhimili mrefu unaotoka mbele, imeifikia, ni fowili. Ukikuta pako wazi, inavuta mbele tu.