Stesheni kufungwa si reli kufungwa

Wengi wanaamini kwamba stesheni ya shambani ikishabaki kuta tupu, paa limeondoka na nyasi zimeota jukwaani, basi treni haipiti tena hapo na reli imegeuka njia ya miguu. Imani hiyo inaeleweka: macho yanaona gofu, na reli zenyewe zina kutu.

Lakini kufunga stesheni na kufunga njia ya reli ni mambo mawili. Stesheni nyingi ndogo zilijengwa enzi za treni za mvuke, zilizolazimika kusimama mara kwa mara kujaza maji. Ndiyo maana pengine utakuta msingi wa tangi kando ya magofu. Zilipokuja injini za dizeli, haja hiyo ikaisha. Abiria nao wakipungua, treni huacha kusimama, ila za mizigo zinaweza kuendelea kupita.

Kutu nayo hudanganya. Chuma kitupu kikipata unyevu huanza kushika kutu ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo reli yenye kutu huenda bado inapitiwa, na treni nzito ya mizigo yaweza kuhitaji zaidi ya kilomita 1 ili isimame. Hilo ndilo linalonitia hofu nikiona watoto wakicheza relini.

Ukitaka kuhakikisha, tazama ukiwa mbali na reli. Mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini kubeba reli, yapo? Kuna mahali reli imeng'olewa? Nyasi zimefyekwa? Linganisha ramani ya zamani na mpya, kisha uliza ofisi inayosimamia njia hiyo. Uso wa juu wa reli ukimeremeta, treni imepita karibuni. Usipomeremeta, bado hujapata jibu.