Deraya Nzito Haimlindi Mwenzako

Limekuja tena, kwenye meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mashujaa kwa dadu na ramani. Mchezaji mpya, karatasi safi, mpiganaji wa levo ya 1, chuma mwili mzima na ngao mkononi, AC 18, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ili ampige. Kwenye nafasi ya maelezo kaandika maneno mawili: "mimi tanki", yaani mlinzi wa kundi anayepokea mapigo. Unamwuliza, utawalinda wenzako vipi? Nitasimama mbele. Halafu? Halafu maadui watanipiga mimi.

Kwa nini wakupige wewe?

Imani hii inatoka kwenye gemu za simu na kompyuta, ambamo adui ni programu yenye hesabu ya chuki: ukimchokoza vya kutosha anakugeukia na kuwasahau wengine. Mezani hakuna hesabu hiyo. Adui anaendeshwa na msimamizi wa mchezo, ambaye anaiona ramani kama unavyoiona wewe, na anajua kabisa kwamba yule wa kanzu na kitabu ndiye anayerusha moto. Goblini, adui mdogo wa kawaida, ana +4 ya kupiga, yaani anaongeza 4 kwenye dadu la pande 20. Kwa AC 18 anahitaji 14 au zaidi kwenye dadu, yaani asilimia 35. Kwa wizadi, yule mchawi wa kanzu, wa AC 12, anahitaji 8, asilimia 65. Ukimwendesha goblini huyo wewe, utampiga nani? Deraya inakulinda wewe uliyeivaa. Kumlinda mwenzako ni kazi nyingine, na ina zana zake.

(Nazungumzia Dungeons & Dragons, toleo la tano la 2014. Pale marekebisho ya 2024 yanapobadilisha hesabu, nitasema.)

Zana ya kwanza ni mwili wenyewe. Mtu wa Lamu hahitaji kufundishwa hili: punda mwenye mifuko ya saruji akisimama kichochoroni hupiti, hata awe amekonda vipi, punda huyohuyo akisimama katikati ya uwanja wa Mkunguni unampita bila kumtazama. Kwenye ramani ya miraba ni vivyo hivyo. Adui hawezi kupita kwenye mraba wa futi 5 uliosimama wewe, kwa hiyo mlango wa futi 5 unazibwa na mtu mmoja. Ukumbi wa futi 10 ukiwa peke yako hujauziba, umeupunguza tu. Na tofauti ya ukubwa ikiwa ngazi mbili, sheria inamruhusu mkubwa akupitie juu: jitu la milimani linamvuka binadamu, ingawa kwa mwendo wa taabu. Basi ukiwa uwandani na jitu, habari ya "nimesimama mbele" iache.

"Lakini akinipita nampiga." Hapana, mara nyingi humpigi. Pigo la fursa linakuja adui anapotoka kwenye ufiko wa silaha yako. Akikuzunguka huku bado yuko ndani ya futi 5 zako, hakuna pigo. Na pigo lenyewe linatumia riaksheni, tendo la kujibu nje ya zamu yako, ambayo ni moja tu mpaka zamu yako irudi. Wakipita wanne, umempiga mmoja na watatu wamefika kwa wizadi. Goblini ndiye mbaya zaidi, maana ana uwezo wa kujichomoa kama tendo la ziada, anaondoka mbele yako bila kuguswa kisha anapiga kama kawaida. Dawa yake ni kipaji cha Sentinel: kujichomoa hakumsaidii tena, na pigo la fursa likiingia, mwendo wake unakuwa sifuri kwa zamu ile. Hapo sasa umekuwa kizuizi. Kabla ya hapo wewe ni mapambo yenye ngao.

Kitu kidogo ambacho watu husahau: kiumbe aliye katikati ya mpiga mshale na shabaha yake anahesabiwa kama kinga nusu, +2 ya AC kwa aliye nyuma. Hakuna riaksheni, hakuna gharama. Ila inakata pande zote mbili. Mpiga mshale wenu akiwa nyuma yako, adui aliye mbele yako naye amepata +2. Sogea pembeni.

Sasa lile linaloniudhi hasa. Ukifika kuchagua mtindo wa kupigana, wapenda kulinda hukimbilia Protection kwa sababu jina ndilo hilo, na huachana na Interception, iliyoongezwa 2020, bila hata kuisoma. Zisomeni zote mbili. Protection: una ngao, mwenzako yuko ndani ya futi 5 zako, adui unayemwona anamshambulia, unatoa riaksheni, adui anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Interception: masharti karibu yaleyale, ngao au silaha, lakini unaitumia baada ya pigo kuingia, na unapunguza madhara kwa dadu la pande 10 jumlisha bonasi ya umahiri, ambayo mwanzoni ni +2.

Rudi kwa goblini na wizadi. Dadu mbili zinashusha nafasi yake kutoka asilimia 65 hadi 42 hivi. Pigo lake ni wastani wa 5.5, kwa hiyo kila unapotumia Protection umeokoa, kwa wastani, pointi 1.25 za uhai. Moja na robo! Na mara nyingine umeitumia kwenye shambulio ambalo lingekosa lenyewe. Interception haipotei hivyo, maana unangoja uone damu kwanza. Dhidi ya goblini, mara tatu katika nne inafuta pigo zima. Dhidi ya zimwi, ambaye pigo lake ni wastani wa 13 na anamfikia wizadi kwa asilimia 75, Protection inaokoa chini ya 2.5 kwa kila matumizi. Interception inaondoa karibu 7.5 kila unapoiita.

Je, Protection itupwe? La. Kuna maadui ambao hatari yao ni kule kuguswa. Kucha za guli, mla maiti, zikiingia unarusha dadu kujiokoa, ukishindwa unapooza. Buibui mkubwa aking'ata sumu inafuata. Interception inaweza kushusha madhara hadi sifuri na bado pigo limehesabiwa kuwa limeingia, kwa hiyo kupooza kunabaki palepale. Protection ndiyo pekee kati ya hizo mbili inayozuia mguso wenyewe. Na inakaribia kufuta mapigo makuu, yale ya 20 kwenye dadu: kutoka nafasi 1 katika 20 hadi 1 katika 400.

Halafu marekebisho ya 2024 yameipa nguvu. Sasa ukiitumia, kila shambulio linalomlenga mwenzako yule linarushwa kwa dadu mbili mpaka zamu yako ianze, mradi hujatoka futi 5 zake. Goblini wanne wakimzunguka wizadi, mara nne ya 1.25 ni 5. Interception kwa goblini mmoja inaokoa 4.9. Zimelingana. Wakiwa wachache kuliko hapo, Interception. Wakizidi, Protection ya 2024. Anayesema moja ni bora siku zote hajafanya hesabu.

Tena Protection inaharibiwa na sisi wasimamizi. Lazima itangazwe kabla dadu halijarushwa, na msimamizi mwenye haraka anasema "anampiga wizadi, kumi na saba" kwa pumzi moja. Mlinzi kashanyang'anywa uwezo wake. Fanya hivi: taja anayeshambulia, taja anayeshambuliwa, nyamaza kidogo, ndipo urushe. Na kila mchezaji awe na kete moja ya bao mbele yake. Akitumia riaksheni anaisukuma katikati ya meza. Zamu yake ikifika anairudisha. Inamaliza ule ubishi wa "nilishaitumia au bado" ambao hula nusu saa ya usiku.

Haraka haraka kuhusu kutibu: katikati ya vita, si ulinzi. Uchawi wa kutibu, Cure Wounds ya 2014, kwa levo ya kwanza inarudisha 7.5 kwa wastani, zimwi anatoa 13. Tibu aliyeanguka ili ainuke. Aliyesimama muache, muue zimwi.

Warding Bond, uchawi wa kumfunga mwenzako kwa pete, ni ulinzi kweli, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Kleriki (mchawi wa dini) wa levo ya 3, pete mbili za platinamu zenye thamani ya dhahabu 50 kila moja, saa nzima. Mwenzake anapata +1 ya AC na ya kujiokoa, na madhara yote anayapata nusu. Kiasi anachoumia yeye, kleriki naye anaumia hichohicho. Pigo la 20 linakuwa 10 na 10. Madhara hayajapungua, yamegawanywa. Sasa watu wanamfunga barbari, mpiganaji wa hasira! Barbari mwenye hasira tayari anapata nusu ya mapigo ya silaha, na nusu mbili hazijumlishwi. Angeumia 10 bila pete. Akiwa na pete anaumia 10, na kleriki 10 juu yake, kwa faida ya +1. Mfunge mtu laini. Na kumbuka kila kleriki anapoumia anarusha dadu kutunza umakini unaoshikilia uchawi wake, kwa hiyo Bless (uchawi wa baraka) aliyoiwasha inaweza kukatika kwa pigo lililompata mwingine aliye futi 50 mbali.

Kivuli cha paladini (shujaa wa kiapo) wa levo ya 6, yaani eneo la ulinzi linalomzunguka, sina ugomvi nacho: kila mwenzake aliye ndani ya futi 10 anaongezewa kwenye kujiokoa, +3 kwa paladini mwenye Charisma 16, bila riaksheni, maadamu paladini ana fahamu zake. Ugomvi wangu ni na kusongamana. Moto wa Fireball unafunika futi 20 kila upande kutoka katikati yake, wastani wa 28. Wizadi aliyejibana chini ya kivuli ameongeza nafasi ya kujiokoa na kupata nusu ya madhara kwa asilimia 15, sawa na pointi 2 hivi. Aliyekaa mbali hakuungua kabisa. Dhidi ya hofu na kutekwa akili, kivuli hakina mfano. Dhidi ya moto, kisogee au usikisogee? Kila kundi nimeliona likijibu tofauti na sijapata kanuni ninayoiamini.

Wapo wanaovuta adui kihalali. Barbari wa mizimu ya mababu: adui wa kwanza ambaye barbari anampiga katika zamu yake, akimshambulia mwingine anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo, na hata akipata, aliyepigwa anaumia nusu. Lakini lazima barbari apige kwanza, na inahusu mashambulio ya kurusha dadu tu. Pumzi ya joka haijali. Paladini ana Compelled Duel, uchawi wa kumlazimisha adui apigane naye, ambayo huvunjwa na marafiki: mwenzako akimtia adui yule mshale mmoja, umekatika. Tangaza kwa sauti kabla hujaiwasha.

Toleo la nne la 2008 lilisema wazi: adui uliyemtia alama akishambulia wengine bila kukuhusisha ana -2 ya kupiga. Watu walilalamika kwamba limekuwa gemu ya kompyuta. Kwangu lilikuwa toleo lililojibu lile swali la "kwa nini akupige wewe" bila kuzunguka.

Maana swali hilo bado linanisumbua nikiwa upande wa pili wa meza. Je, zimwi anajua kwamba mizimu imemshika? Anajua kwamba ngao ile itaingilia? Mimi huamua kwa akili ya kiumbe: zombi anampiga aliye karibu, mbwa mwitu wanamzunguka aliyejitenga, goblini anajaribu njia ya pembeni, na yeyote aliyezuiwa mara moja anajifunza. Vitabu haviniungi mkono wala havinipingi, na msimamizi mwingine akiamua kinyume sina hoja ya kumshinda.

Aliyeanguka, basi. Mwenye pointi 0 za uhai akipigwa kutoka ndani ya futi 5, pigo linahesabiwa kuu moja kwa moja, na pigo kuu ni alama mbili za kifo kati ya tatu zinazoua. Mapigo mawili, kwisha. Tena adui anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Mlinzi aliyesimama mraba wa jirani na ngao, Protection mkononi, anazirudisha dadu mbili kuwa moja. Mwenye Interception hapunguzi alama hata moja isipokuwa madhara yafike sifuri. Kabla hujamkimbilia adui aliye mbali, angalia kwanza nani yuko chini, na kete yako iko wapi.