Moto kuwaka si tanuri kuwa tayari: dhana potofu kuhusu piza za nyumbani na watoto

"Fundi, tanuri ulilotujengea lina kasoro." Simu za namna hii huja Jumamosi jioni, na nyuma yake nasikia watoto wanalalamika njaa. Nauliza kimetokea nini, jibu ni lile lile: juu imeungua, chini mbichi, unga umeshika kwenye tofali. Nauliza mmekoka moto saa ngapi. "Nusu saa iliyopita, na unawaka vizuri sana."

Tanuri halina kasoro. Nimeshaeleza hili kwa simu mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika, pamoja na mengine machache ninayoyasikia kila ninapofundisha familia kupika.

"Moto ukishawaka vizuri, tanuri liko tayari"

Hii ndiyo dhana inayoharibu piza nyingi kuliko nyingine zote nikizijumlisha pamoja.

Piza inaivishwa na joto kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Chini inaivishwa na sakafu ya tofali inayogusana na unga. Juu inaivishwa na joto linaloshuka kutoka kwenye kuba na kwenye miali. Miali ina ukali wake tangu kuni zinaposhika. Tofali halina haraka hiyo. Sakafu ya tofali za moto zenye unene wa sentimita sita hivi inahitaji saa moja na nusu, mara nyingi mbili, mpaka joto liingie ndani na si kupaka uso tu. Matanuri madogo ya chuma yanayotumia gesi yana jiwe jembamba, nayo bado yanataka dakika 20 hadi 30, hata kama dukani uliambiwa kumi.

Sasa ingiza piza kwenye tanuri la kuni lililowashwa nusu saa tu iliyopita. Juu inapigwa na miali, chini inakutana na tofali ambalo halijafika hata nyuzi 200. Jibini linachemka na kuungua kabla unga wa chini haujakauka, na unga usiokauka hung'ang'ania tofali. Mzazi anasukuma kwa beleshi, piza inachanika, sosi inamwagika sakafuni, moshi unajaa, na mtoto aliyepanga zeituni zake moja moja kama macho ya paka anaangalia kazi yake ikiharibika. Kisha mzazi anafanya kile kinachonikera kuliko vyote: anaongeza kuni. Kuni zinaongeza miali, miali inaunguza juu haraka zaidi, na chini kunabaki pale pale.

Kile kipimajoto cha mlangoni msikitegemee. Kinapima hewa na chuma cha mlango, si sakafu. Kinachofaa ni kile cha mfano wa bastola ambacho mafundi wa majokofu na viyoyozi hutumia, chenye uwezo wa kufika nyuzi 500 au zaidi. Cha kipaji cha uso kilichobaki kabatini tangu mwaka 2020 hakifai, kwa sababu kimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu na hakivuki nyuzi arobaini na kitu. Lenga tofali lenyewe, pale piza itakapokaa. Usilenge chuma kinachong'aa, maana hurudisha mionzi ya vitu vingine na kukupa namba ya uongo.

Huna kipimajoto? Tazama kuba. Moto unapoanza, kuba huwa jeusi kwa masizi. Joto likipanda, masizi yenyewe yanaungua na tofali linarudi kwenye rangi yake. Kuba likiwa bado jeusi, rudi ukakae. Likishatakata, sogeza makaa pembeni, fagia sakafu, subiri dakika chache, kisha tupia unga wa ngano kidogo, kiasi cha vidole viwili. Ukibaki mweupe, sakafu ni baridi. Ukigeuka mweusi na kutoa moshi papo hapo, ni kali mno. Ukigeuka kahawia taratibu huku unahesabu, ingiza piza. Kipimo hiki watoto wanakipenda sana, wakisimama mbali, huku mtu mzima ndiye anayetupia.

Kuna nusu ya pili ya kosa hili. Kila piza inayoingia inanyonya joto la sakafu. Ya kwanza inatoka nzuri, ya pili nzuri, na kwa kuwa watoto wako kumi wanasubiri zamu, mzazi anaziingiza mfululizo. Kufikia ya tano au ya sita chini inatoka nyeupe na laini. Mtoto wa mwisho kwenye foleni, ambaye mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote, anapewa piza mbichi. Mpe tofali nafasi. Baada ya kila piza mbili, kwenye tanuri la kuni, rudisha makaa katikati ya sakafu kwa dakika tano, uyasukume tena pembeni, ufagie. Kwenye tanuri dogo la gesi, pandisha moto dakika tatu au nne bila kuingiza kitu. Watoto watacheza, hawatakufa kwa dakika tano.

Na wakati wa masika, tanuri la nje hunywa maji hata kama lina paa. Ukilikokea moto mkubwa siku ya kwanza baada ya wiki za mvua, maji yaliyo ndani ya tofali yanageuka mvuke na tofali linapasuka. Washa moto mdogo jioni moja kabla, siku ya piza ndipo upandishe. Kwa sababu hiyo hiyo sikubali kujenga sakafu ya zege la kawaida wala kupanga mawe ya mtoni, hata mteja akisema ni rahisi. Zege hubanduka vipande likipata moto mkali, na jiwe lenye unyevu ndani linaweza kuruka vipande mbele ya uso wa mtoto.

Wapishi wa mkate wa mofa huko Unguja hawahitaji kuelezwa haya. Wanapasha udongo kwanza, mkate unafuata baadaye. Sisi wa piza ndio tunaotaka kuruka hatua.

Ushauri wangu ninaoung'ang'ania ni huu: washa tanuri kabla hujawaita watoto jikoni. Wengi wanafanya kinyume. Wanakanda, wanatandaza, wanapamba piza zote sita, zinapangwa mezani, ndipo baba anatoka kwenda kutafuta kiberiti. Piza iliyopambwa ikikaa kwenye ubao kwa zaidi ya dakika chache, maji ya sosi yanapenya, unga unagandamana na ubao, na hakuna ufundi wa beleshi utakaoiokoa. Tanuri liwe tayari kwanza. Kisha mtoto mmoja apambe, piza yake iingie, ndipo mwingine aanze. Nyunyiza kwenye beleshi la mbao unga wa mahindi usio laini sana. Piza huteleza juu yake vizuri. Kabla ya kuingiza, tikisa beleshi. Isipocheza, inua ukingo na uongeze unga hapo, usijidanganye kwamba itajiachia yenyewe ndani.

"Piza halisi lazima iive kwa sekunde 90"

Video zimewajaza watu hili. Kipimo chenyewe ni cha kweli, ila ni cha Napoli, mji wa Italia. Chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa huko mwaka 1984, kinataka piza iive kwa sekunde 60 hadi 90, sakafu ikiwa kwenye nyuzi 380 hadi 430 na kuba juu zaidi. Ufundi huo wa Napoli uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2017, na unastahili. Lakini ni ufundi wa mtu anayetandaza unga sawasawa, anayeweka vitu vichache juu, na anayezungusha piza bila kuondoa macho.

Piza ya mtoto wa miaka saba ni nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili, na ina mahindi, soseji na jibini mara mbili ya inavyotakiwa. Ukiiweka kwenye nyuzi 430, pale pembamba panakuwa mkaa wakati katikati bado uji. Sakafu ya nyuzi 300 hadi 340, moto wa wastani, dakika tatu hadi nne, na kuizungusha kila nusu dakika baada ya dakika ya kwanza: hapo kasoro za mikono midogo zinasameheka. Sioni cha kuonea aibu. Namba ya Napoli ni ya Napoli, na ya kwako ni ile inayompa mtoto piza iliyoiva.

"Weka hamira nyingi, watoto hawawezi kusubiri"

Tuko Dar es Salaam. Jikoni kuna nyuzi 30. Hamira kwenye joto hili inakimbia yenyewe, na bado mtu anamwagia kijipakiti kizima kwenye nusu kilo ya unga, tena na maji ya moto ili "iamke". Maji yakifika nyuzi 55 na kuendelea yanaiua. Ikipona, kwa wingi huo unga unafura haraka, unanuka pombe, na ukiutandaza unachanika.

Kwa gramu 500 za unga weka maji mililita 310 ya kawaida ya bombani, chumvi gramu 12, na hamira ya chembe nusu kijiko cha chai. Hiyo inatosha kwa saa mbili hadi tatu kwenye joto la pwani. Ukipika Arusha au Limuru mwezi wa Julai, ongeza muda, usiongeze hamira. Bora zaidi, kanda usiku na hamira robo kijiko, funika, weka kwenye friji, toa saa mbili kabla ya kutumia. Unapata madonge matano ya gramu 160 na kitu, kila moja piza ya sentimita 20, ambayo mtoto anaimudu na inageuzika kwa urahisi.

Na unga ukinata, tafadhali, acheni kuongeza unga mkavu kila dakika. Funika, uache dakika 15, urudi. Utaukuta umelainika wenyewe bila mtu kuugusa. Ukiongeza unga kila mara unaishia na donge gumu kama la chapati lililosahaulika, na mtoto hawezi kulitandaza kwa mikono. Ndipo kifimbo cha kusukumia kinatolewa, na kifimbo kinatoa hewa yote iliyosubiriwa saa tatu. Tandazeni kwa vidole, kutoka katikati kwenda nje, ukingo usiguswe.

Mengine kwa ufupi

Unga wa 00 si lazima. Alama hiyo ya Italia inahusu jinsi unga ulivyosafishwa na kusagwa, si nguvu yake. Unga mweupe wa ngano unaouzwa kila duka hapa unafanya kazi nzuri, hasa kwenye nyuzi 300 na kitu.

Chumvi haiui hamira kwa kiasi cha jikoni. Inaipunguza kasi, na kwa joto letu hiyo ni faida.

Jibini jingi halifanyi piza iwe tamu zaidi. Linatoa maji na mafuta, katikati inalowa. Mozarela mbichi ichanwe na ichujwe maji angalau nusu saa kabla.

Kuku na nyama ya kusaga havitaiva juu ya piza kwa dakika tatu. Viive kabisa kwanza, vipoe, ndipo viwekwe mbele ya watoto. Hapa sibishani na mtu.

Kuonja unga mbichi si mchezo usio na madhara. Unga wa ngano haujapikwa, unaweza kubeba bakteria, na tumbo la mtoto mdogo ndilo linaloteseka.

Si kila mbao inafaa kuwa kuni. Mabaki ya seremala yenye rangi, vanishi au dawa ya mchwa, mbao za kubanwa kwa gundi, vipande vya samani za zamani: moshi wake unashuka moja kwa moja kwenye chakula. Pwani tuna mvinje, unawaka kwa joto zuri na thabiti. Tumieni kuni kavu, basi.

"Watoto wasikaribie kabisa" na "wamezoea jiko, hawana shida"

Zote mbili si kweli. Mtoto anaweza kupima unga, kukanda, kutandaza, kupamba na kutikisa beleshi. Kuingiza na kutoa ni kazi ya mtu mzima mmoja, yule yule mwanzo hadi mwisho, asiyeshika simu. Chora mstari wa chaki mita moja kutoka kwenye tanuri, asivuke mtoto. Na mstari ubaki hata baada ya kuzima: gesi ikifungwa, jiwe na mwili wa chuma bado vinaunguza kwa muda mrefu, na tanuri la tofali lina joto hadi kesho yake asubuhi. Mtoto haoni miali, anadhani limepoa.

Mvua ikianza, msiliingize tanuri la mkaa, kuni wala gesi barazani palipofungwa au kwenye gereji. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaua. Ahirisheni, au mmalizie piza kwenye kikaango chenye mfuniko jikoni.

Mtoto akiungua, si dawa ya meno, si samli, si ute wa yai, si barafu. Maji safi ya baridi ya bomba yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, vua pete au bangili kabla ya uvimbe, funika kwa kitambaa safi kisichonata. Malengelenge makubwa, au jeraha la usoni, mkononi au kwenye kiungo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.