"Aje mwenyewe": nani hasa anaruhusiwa kulalamika Tume ya Haki za Binadamu?

Dada anakwenda kumsemea kaka yake aliyepigwa akiwa mahabusu, anajibiwa: mwenyewe yuko wapi? Jirani anataka kueleza mateso ya mtoto wa nyumba ya pili, anaulizwa yanamhusu nini. Maneno hayo yamerudiwa mpaka watu wanayaona ni sheria. Matokeo yake, wengi wanaotaka kupeleka lalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ya Tanzania hukata tamaa wakiwa bado nyumbani.

Sheria ya Tume, Na. 7 ya 2001, inasema vingine. Kifungu cha 15 kinawatambua walalamikaji wa aina tatu: aliyeonewa mwenyewe, anayelalamika kwa niaba ya aliyeonewa ambaye hawezi kujisemea, na anayelalamika akiwa mmoja wa kundi, au kwa maslahi ya kundi hilo. Na hata asipotokea mlalamikaji, Tume inaweza kuanza kuchunguza yenyewe.

Anayedhani hayo ni maneno ya kwenye karatasi tu akumbuke Nyamuma, wilayani Serengeti. Oktoba 2001 wakazi waliondolewa kijijini na nyumba zao zikachomwa moto. Malalamiko ya watu 135 yalifikishwa Tume na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, shirika ambalo halikuwa na hata kibanda Nyamuma. Tume haikuwaambia "hamkuchomewa nyie". Ilisikiliza, ikaona haki zimevunjwa, ikapendekeza wanakijiji walipwe fidia. Serikali ilikataa mapendekezo hayo na suala likasukumana mahakamani hadi Mahakama ya Rufani, lakini ubishi huko ulihusu kama mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kupitia mahakama.

Basi "aje mwenyewe" imetoka wapi? Nadhani sehemu yake ni mkanganyiko wa mwaka 2020. Bunge lilirekebisha sheria inayoongoza mashauri ya haki za msingi Mahakama Kuu, ile iliyo Sura ya 3 ya Sheria za Tanzania, ikawa mfungua shauri lazima aeleze kwa kiapo namna alivyoathirika yeye binafsi. Habari ikasambaa, na kila ilipopita ikafupishwa, hadi ikawa "siku hizi huruhusiwi kumsemea mwenzako popote". Marekebisho hayo yana wakosoaji wengi, nami ni mmoja wao. Ila yalihusu kesi za Mahakama Kuu. Tume si mahakama na ina sheria yake.

Yapo na maneno mengine yanayorudiwa bila kuwa sheria. "Lazima uwe na wakili." Hapana, na hakuna ada. Lalamiko hupokelewa hata kwa mdomo, kwa hiyo bibi asiyejua kusoma hana haja ya kutafuta mtu wa kumchapia barua steshenari.

"Asiye raia hana chake." Sheria inamzungumzia mtu, na mtu si lazima awe raia. Mkimbizi aliyeko kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ni mtu. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, kinasaidia kujulikana wewe ni nani. Haki ya kulalamika haitoki kwenye hicho kitambulisho.

"Mfungwa ameshapoteza haki zake." Amepoteza uhuru wa kutoka, mengine amebaki nayo. Tume imepewa mamlaka ya kutembelea magereza na mahabusu, na ndugu aliye nje anaweza kulifikisha lalamiko kwa niaba yake. Mtu aliyefungiwa ndani ndiye mfano ulio wazi kabisa wa asiyeweza kuja mwenyewe.

Mlango unabana kwingine kabisa, na huko wengi hawaangalii: ni jambo gani linalalamikiwa. Tume haimchunguzi Rais wa Jamhuri ya Muungano wala Rais wa Zanzibar. Haigusi shauri ambalo tayari liko mbele ya mahakama au baraza lenye mamlaka kama hayo. Uhusiano wa Serikali na nchi za nje haumo, wala uamuzi wa Rais kutoa msamaha kwa wafungwa. Kwa hiyo mwenye mgogoro wa kiwanja ambaye kesi yake inaendelea Baraza la Ardhi na Nyumba atarudishwa, hata aje mwenyewe na mawakili wawili.

Unayemsemea mwingine, andika au eleza majina ya aliyeonewa, lini, wapi, nani alifanya, na ofisi zipi mmeshapita na zilijibu nini. Kisha ongeza mstari ambao husahaulika mara nyingi: kwa nini mhusika hawezi kulalamika mwenyewe. Yuko ndani, ni mtoto, amelazwa, au hajulikani aliko.