Uhuru wa Kuchagua Shule Nchini Marekani: Yanayosemwa na Yaliyopo

Maneno "uhuru wa kuchagua shule" yanavuta sikio, kwani ni mzazi gani asiyependa kumchagulia mwanawe shule iliyo njema? Tatizo ni kwamba nchini Marekani maneno hayo yamebeba mambo matatu yasiyofanana: shule za mkataba, ambazo ni shule za umma zinazoendeshwa na bodi zao zenyewe nje ya uongozi wa kawaida wa wilaya ya elimu (mamlaka ya eneo inayosimamia shule za umma), vocha, yaani fedha za umma zinazomlipia mtoto ada katika shule binafsi, na akaunti za elimu, ambamo jimbo humwekea mzazi fedha za kulipia ada, vitabu, mwalimu wa ziada na hata masomo ya nyumbani. Wanaoupigia debe mpango huu na wanaoupinga huyatia yote matatu katika kapu moja, na ndiyo maana mjadala umejaa madai yasiyosimama. Kwa upande wangu, swali linalopaswa kuulizwa kila mara ni hili: anayechagua hapa ni nani hasa, mzazi au shule?

Dhana: Shule za mkataba ni shule binafsi

La hasha. Haziruhusiwi kutoza ada ya masomo wala kufundisha dini, na waombaji wakizidi nafasi zilizopo, kwa kawaida wanafunzi hupatikana kwa kura ya bahati. Sheria ya kwanza ya shule hizi ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa katika mji wa St. Paul mwaka 1992. Wengi hushangaa kusikia kwamba mmoja wa waliolieneza wazo hilo, mwaka 1988, alikuwa Albert Shanker, rais wa shirikisho la vyama vya walimu, aliyetaka walimu wapewe nafasi ya kujaribu mbinu mpya bila kubanwa na urasimu. Baadaye yeye mwenyewe aligeuka kuwa mkosoaji wa shule hizo. Leo shule za mkataba zina wanafunzi zaidi ya milioni 3.5, katika nchi yenye wanafunzi takribani milioni 49 wa shule za umma. Baadhi ya majimbo huruhusu kampuni za biashara kuziendesha kwa niaba ya bodi, na hapo ndipo lawama nyingi za haki zinapotokea, lakini hilo haliifanyi shule kuwa mali ya mtu.

Dhana: Vocha zilibuniwa na wabaguzi wa rangi, au, kinyume chake, zilibuniwa ili kuwakomboa watoto maskini

Kila upande una ushahidi wake, na kila upande huficha ushahidi wa mwenzake. Katika kaunti ya Prince Edward, Virginia, wanafunzi weusi waligoma mwaka 1951 kwa sababu ya hali duni ya shule yao, na kesi yao ikawa miongoni mwa kesi tano zilizoamuliwa pamoja mwaka 1954, Mahakama ya Juu ilipotamka kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Badala ya kutii, viongozi wa kaunti walizifunga shule zote za umma kuanzia mwaka 1959, na watoto wa Kizungu wakahamia shule binafsi zilizosaidiwa kwa ruzuku za ada. Watoto weusi wa kaunti hiyo walikaa miaka mitano bila shule ya umma, hadi Mahakama ya Juu ilipoingilia kati mwaka 1964. Kwa hiyo mwenye kudai kwamba historia ya ruzuku za ada ni safi anawakosea heshima watu walioibiwa utoto wao.

Hata hivyo, mpango wa vocha ulioanzisha enzi ya sasa una chimbuko jingine. Ulianza Milwaukee, Wisconsin, mwaka 1990, na mtetezi wake mkuu alikuwa Polly Williams, mbunge mweusi wa jimbo hilo kutoka chama cha Democrat, aliyewahi kuongoza huko kampeni ya urais ya Jesse Jackson, mwanaharakati mweusi wa haki za kiraia, akishirikiana na gavana wa Republican, Tommy Thompson. Wanafunzi wa kwanza walikuwa mia chache tu, wote wa familia za kipato cha chini, na shule za dini hazikuruhusiwa kushiriki hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1995. Mpango ulipoendelea kupanuliwa kuelekea familia zenye uwezo, Williams aliupinga upanuzi huo waziwazi, kwani aliona kilichokusudiwa kwa maskini kikiponyoka mikononi mwao.

Nami naona alikuwa sahihi kuhofia. Mwaka 2022 Arizona ilifungua akaunti za elimu kwa kila mtoto, tajiri kwa maskini, na Iowa ilipoanza mpango wake mwaka 2023, karibu theluthi mbili ya watoto walionufaika walikuwa tayari katika shule binafsi. Waliotoka shule za umma walikuwa wachache mno. Hilo si kosa la kisheria, lakini mpango wa namna hiyo hauwezi kuelezwa kwa wapiga kura kana kwamba kazi yake ni kumtoa mtoto maskini katika shule mbovu.

Dhana: Fedha humfuata mtoto, kwa hiyo shule aliyoiacha haipati hasara

Hesabu hii ni nyepesi mno. Watoto 20 wanapoondoka katika wilaya, kwa kawaida hawatoki darasa moja. Huyu anatoka darasa la pili, yule la tano, wengine shule nyingine kabisa. Mwalimu aliyebaki na watoto 23 badala ya 24 bado anahitajika, basi bado linapita njia ileile, na jengo bado linahitaji joto wakati wa baridi. Na pale fedha zinapokwenda kwa mtoto ambaye hakuwahi kusoma shule ya umma, hakuna chochote kilichomfuata mtu. Hilo ni tumizi jipya kabisa la jimbo.

Hapa pana dhana ndogo inayostahili kusahihishwa kwa haraka: serikali kuu ya Washington haiendeshi shule za Marekani. Mchango wake ni takribani sehemu moja ya kumi ya bajeti, na sehemu kubwa iliyobaki hutoka kwa majimbo na kwa kodi ya ardhi na majengo ya eneo husika. Familia zenye fedha zimekuwa zikichagua shule muda wote huu, kwa kununua nyumba katika wilaya yenye shule nzuri. Hoja hiyo ya watetezi wa uchaguzi wa shule ni ya kweli, na wapinzani wao hawajaijibu vya kutosha.

Dhana: Utafiti umekwisha kuthibitisha

Umethibitisha nini, na wapi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipolinganisha maendeleo ya wanafunzi katika hisabati mwaka 2009, waligundua kwamba asilimia 17 ya shule za mkataba zilizidi shule za kawaida na asilimia 37 zilikuwa nyuma yake. Katika ripoti yao ya mwaka 2023, wastani ulikuwa umegeuka na kuzipa shule za mkataba nafasi ya mbele kidogo. Ndani ya wastani huo mna tofauti kubwa sana: Boston, ambako watafiti walilinganisha watoto waliopata nafasi kwa kura na waliokosa, faida ilikuwa kubwa, ilhali shule za mkataba zinazofundisha kwa intaneti pekee zimekuwa na matokeo mabaya ya kusikitisha.

Vocha nazo hazina jibu moja. Louisiana, watoto waliopata vocha kwa kura walishuka vibaya katika hisabati. Washington, D.C., alama za mitihani hazikuonyesha tofauti ya wazi, lakini waliopewa nafasi ya vocha walihitimu sekondari kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa pointi 12 za asilimia. Mtu anayetaja mji mmoja na kuuacha mwingine anachagua ushahidi, hachagui shule.

Dhana: Ni ugomvi wa Republican na Democrat tu

Novemba 2024 wapiga kura wa Kentucky, jimbo lililompa Donald Trump ushindi mkubwa siku ileile, walikataa kwa takribani asilimia 65 pendekezo la kuruhusu fedha za umma kwenda nje ya shule za umma. Nebraska nayo ilifuta kwa kura sheria yake ya kulipia ada za shule binafsi kwa fedha za umma. Vijijini, shule ya umma mara nyingi ndiyo mwajiri mkubwa, na shule binafsi iliyo karibu inaweza kuwa mwendo wa saa nzima. Huko Texas, wabunge wa Republican kutoka vijijini walisaidia kuzuia vocha mwaka 2023, na sheria ilipita mwaka 2025 baada ya kadhaa kati yao kung'olewa katika kura za mchujo za chama chao.

Dhana: Mwenye vocha anaingia shule yoyote aitakayo

Hapa ndipo swali langu la mwanzo linapopata uzito. Milwaukee, sheria inazitaka shule zinazoshiriki zichague kwa bahati waombaji wanapozidi. Arizona, shule binafsi hubaki na vigezo vyake vya kupokea wanafunzi na inaweza kumkataa mtoto. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1975 humpa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu inayomfaa katika shule ya umma. Mzazi wa Arizona anayetia saini mkataba wa akaunti ya elimu huiondolea wilaya wajibu huo kwa muda wote wa mkataba. Kwa familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, zilizopewa makazi katika miji kama Phoenix, kuna jambo jingine la kuuliza kabla ya kutia saini: wilaya ya umma inawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, pamoja na kumwekea mkalimani, wakati shule binafsi inaweza isiwe na wajibu huo.